Sumaku Yangu Haisemi Uongo

Jumatatu, 3 Juni

Dharau! Naianza shajara hii leo, na naianza kwa hasira, ili siku wakinizika wajue wamezika nini.

Asubuhi Katibu wa uwanja wa gofu alituita wafanyakazi wote uani. Akapanda ngazi na vile viatu vyake vya ko-ko-ko, akatangaza. Jumamosi wanachama wana mashindano yao makubwa. Mwaka huu mfanyakazi mmoja mkongwe atacheza nao. Mmoja tu. Jina lake litasomwa kwenye kipaza sauti, atapiga mpira wa kwanza mbele ya watu wote, na watu watampigia makofi.

Nikajikohoza. Nikaweka kofia sawa. Nani mwingine? Mimi ndiye mtunza chumba cha mikoba. Kabla ya hapo nilibeba mikoba ya fimbo za wakubwa mgongoni tangu nikiwa na nywele. Kuna mashimo pale uwanjani nimeyaona yakichimbwa. Lakini mpira wenyewe sijawahi kuupiga mbele ya mtu. Kazi yangu ni kusema safi sana, mkubwa, hata mpira ukiingia bwawani.

Katibu akaendelea. Sharti: mfanyakazi huyo awe na fimbo zake mwenyewe. Na ziwe orijino. Mwaka jana kichwa cha fimbo feki kilichomoka, kikapita dirishani, kikatua kwenye sufuria ya mchuzi wa wageni. Mpishi hadi leo mtu akipiga chafya anainama.

Na nani akanyoosha mkono? Shemeji! Ndugu wa mke wangu, mkata majani wa uwanja. Mtu aliyeendesha ile mashine mpaka sasa hata akitembea kwa miguu, akifika ukutani anageuka na kurudi kwa mstari. Eti yeye anazo. Seti nzima, kauziwa na mjane wa mwanachama mmoja. Halafu akanigeukia mbele ya wapishi na wafagiaji, akaniambia usihuzunike, shemeji, utakuja kunishikia mwavuli.

Mwavuli!

Nikasikia sauti ikisema na mimi ninazo, ziko njiani. Ilikuwa yangu. Nilishangaa kama wengine.

Katibu akasema basi vizuri, wakifika wawili wenye fimbo halali, nafasi ni ya mwenye umri mkubwa. Mwisho wa kuzileta ni Ijumaa jioni.

Umri! Hapo uso wa Shemeji ulishuka hadi kwenye vifungo. Nilipokwenda kumposa dada yake, yeye alikuwa bado anafukuza kuku bila suruali.

Kwa hiyo nafasi ni yangu. Kilichobaki ni fimbo tu. Sina hata moja.

Jumanne, 4 Juni

Nimeingia mtandaoni. Kioo cha simu yangu kina ufa unaokatiza katikati, kwa hiyo kila ninachokitazama nakiona nusu nusu, lakini nusu zote mbili zilikuwa ghali. Fimbo mpya za gofu zinauzwa bei ya ng'ombe na ndama wake na mtu wa kuwachunga. Wezi!

Kisha nikampata Malkia wa Fimbo. Huyu ni mtu. Seti kamili, toleo la mwaka huu, mkoba juu yake, kofia juu yake, kwa bei ambayo wenzake wanauzia mkoba mtupu. Tena imebaki seti moja tu! Bahati ya namna gani hiyo?

Nikampigia binti yangu, nesi, anayekaa mji mwingine. Nikamwuliza kijanja, eti kuna rafiki yangu anataka kununua fimbo mtandaoni, atajuaje kama ni feki? Binti yule hajui kujibu kwa ufupi, kamrithi mama yake. Alisema bei ikiwa ya chini mno, kimbia. Picha ikiwa ya kuazima kiwandani, kimbia. Muuzaji akikataa kurudishiwa mzigo, kimbia. Akiwa na haraka ya kulipwa, kimbia. Namba shingoni mwa fimbo zisipoeleweka, kimbia. Nikamwambia mwanangu, kwa magoti haya, mbio zote hizo nitazipigia wapi? Akauliza, kwani si ni rafiki yako? Nikasema naye ana magoti.

Nimeyapima aliyosema, moja moja. Bei ya chini: Malkia hana tamaa. Picha ya kiwandani: ina maana ana jamaa kiwandani. Hapokei mzigo ukirudishwa: anajua hakuna atakayerudisha. Ana haraka ya kulipwa: na mimi nina haraka ya Ijumaa. Tumepatana.

Mwisho binti akaingiza habari ya sumaku. Eti ukiishuku ile fimbo kubwa, yenye kichwa kama embe dodo, ya kupigia mpira wa kwanza, weka sumaku kwenye kichwa chake, na hapo ndipo... Nikamkata. Nikamwambia sumaku nazijua tangu mama yake hajajua kunikasirikia. Akasema baba, nisikilize hadi mwisho. Nikasema mwisho naujua. Chuma cha kweli kinanasa sumaku, cha uongo hakinasi. Alikuwa anapiga kelele za kitu fulani, lakini kidole kilikuwa kimeshakata simu.

Nikamwandikia Malkia, nikamhoji kama wakili. Je, ukiweka sumaku kwenye fimbo kubwa, inanasa? Akajibu hapo hapo: inanasa, mzee wangu, tena inang'ang'ania.

Mtu mwongo angejibu upesi hivyo? Nimelipa.

Pesa nimetoa kwenye ile ya meno. Binti alinitumia juzi nikatengenezewe meno, maana yamebaki matatu na hayajawahi kuonana. Alhamisi nilikuwa niende kwa Daktari wa Meno, mwanachama wetu, kupimwa. Meno yatasubiri. Yamezoea.

Jumatano, 5 Juni

Leo nimegundua uovu mkubwa kuliko wote niliowahi kuushuhudia, na nimeshuhudia uchaguzi wa viongozi wa uwanja.

Nilihitaji sumaku. Nikaichomoa kwenye spika ya redio ya Mama Watoto alipokuwa anaanika nguo. Aliporudi akauliza mbona redio haina sauti. Nikamwambia redio za siku hizi. Akasema hii tulinunua mwaka tuliooana. Nikamwambia ndiyo hizo hizo.

Nikaenda nayo kazini. Nikangoja mpaka mashine ya Shemeji ikaanza kunguruma mbali kule, nikafungua mkoba wake. Nilitaka kumjua adui tu. Nikaweka sumaku kwenye fimbo zake ndogo za chuma. Ikanasa. Moyo ukaniuma. Nikaweka kwenye ile fimbo kubwa.

Ikateleza! Ikadondoka sakafuni, ti!

Nikarudia. Ikadondoka. Nikaibusu sumaku. Shemeji ana fimbo feki! Mjane kamwingiza mjini! Nilicheza pale katikati ya mikoba mpaka kiuno kikaniambia basi.

Kisha, kwa kujifurahisha tu, nikajaribu fimbo kubwa ya Jaji. Ikadondoka. Nikashtuka. Jaji? Nikajaribu ya Mkandarasi anayejenga maghorofa. Ikadondoka. Ya Daktari wa Meno. Ikadondoka. Nilizunguka chumba kizima, mkoba kwa mkoba, ti, ti, ti, mpaka nikakaa juu ya ndoo.

Uwanja mzima ni feki. Watu wenye magari ya vioo vyeusi! Watu ambao nimewaitikia safi sana, mkubwa maisha yangu yote! Na angalia ujanja wao wa kishetani: fimbo ndogo wamenunua za kweli ili usishuku, ile kubwa ya bei mbaya ndiyo wakaifanyia utapeli.

Fimbo kubwa moja tu ndiyo iliyonasa sumaku. Ni ile kuukuu yenye kutu tunayoegemezea dirisha lisijifunge. Ndiyo orijino pekee humu ndani, na kazi yake ni kuzuia upepo. Dunia!

Nimefunga kila mkoba wa feki utepe mwekundu. Utepe umekwisha. Nimemalizia na leso yangu.

Alhamisi, 6 Juni

Siku ya kupimwa meno. Mama Watoto kaniamsha mapema, kanipigia shati pasi, kanisindikiza hadi barabarani kama mtoto wa darasa la kwanza. Nikampungia mkono. Nikakata kona. Nikaingia kwa kinyozi, nikakaa huko nikisoma bango la mitindo ya nywele. Kinyozi akaniuliza nataka upi. Mtu mwenye adabu haulizi swali hilo kichwa kama changu.

Nilipotoka nikajifunga kitambaa kuzunguka taya, nikapinda mdomo. Mama Watoto akaingiwa na huruma, akanipa maziwa baridi. Akauliza inauma? Nikasema mmh. Akauliza daktari kasemaje? Nikasema mmh. Ndoa yetu haijawahi kuwa tulivu hivyo.

Ila mchana Daktari wa Meno mwenyewe alikuja uwanjani kufanya mazoezi. Mwanamke mmoja mrefu, mpole, mwenye macho ya kuhesabu. Kuniona na kitambaa akauliza, mzee wangu, asubuhi nimekungoja hukutokea, nani kakufunga hivyo? Nikasema kwa mdomo uliopinda kwamba ni jamaa yetu wa kijijini. Akasema fungua nione. Nikafungua. Akatazama, akasema Jumatatu usikose, na huyo jamaa yenu asirudi tena kazini.

Nikamtazama alivyochukua mkoba wake bila kushangaa ule utepe mwekundu. Maskini. Kasoma miaka yote hiyo, anabeba fimbo feki. Huruma ikanijaa machoni. Yeye akadhani ni jino, akanipa vidonge viwili.

Kisha nikaenda kwa Katibu. Nikamwambia kuna fimbo feki chumbani mwangu. Alikuwa anapigizana kelele na watu wa viti na mahema. Akasema bila kuinua uso, kila fimbo feki itolewe humo ndani, mzee, sitaki tena habari za sufuria. Nikamwuliza, kila moja? Akasema kila moja!

Kauli ya Katibu hiyo. Mimi ni mtu wa kutii.

Ijumaa, 7 Juni

Zimefika! Mtu wa pikipiki kazileta zimefungwa kwenye karatasi, na juu ya karatasi, karatasi. Kufungua, harufu ikanipiga kama nimeingia dukani kwa muuza rangi. Upya huo! Fimbo zinameta. Rangi yake nyekundu imebaki kidogo viganjani mwangu, nadhani ni ukarimu wa kiwanda. Kofia ni ya kichwa cha mtoto, lakini kofia si fimbo.

Nikaangalia namba shingoni, kama binti alivyosema. Zipo! Tena fimbo zote zina namba ile ile moja. Ukoo mmoja!

Nikaweka sumaku kwenye fimbo kubwa. Pap! Nikaivuta haitoki. Nikakanyaga kichwa cha fimbo kwa mguu, nikavuta kwa mikono yote miwili. Haitoki. Nikaiacha hapo hapo. Machozi yalinitoka kidogo. Niliikumbuka kauli ya Malkia: inang'ang'ania.

Katibu kapita mbio, katazama mkoba wangu, kasema sawa mzee, basi kesho ni wewe. Kesho ni mimi! Nilimwomba arudie. Hakurudia.

Shemeji akaja kuchungulia. Akainusa fimbo moja, akasema, shemeji, mbona zinanuka kama mlango mpya? Akaipima mkononi, akasema nzito hivi, unakwenda kucheza gofu au kutwanga? Nikamwambia mali ya kweli ina uzito wake, wewe ulizoea nyepesi nyepesi. Akakuna kichwa. Akasema, lakini shemeji, hata mimi nimefurahi kwamba utacheza.

Unafiki! Mtu asiye na hila anasema maneno kama hayo?

Jioni nikatekeleza agizo. Mikoba yote yenye utepe mwekundu nimeibeba mmoja mmoja hadi nyuma ya jiko, chini ya kipande cha paa. Mgongo umekufa. Chumbani umebaki mkoba wangu na fimbo ya dirisha. Pakavu, pasafi, pana heshima. Kesho, kabla ya kupiga mpira wangu, nitawaeleza wanachama ukweli wao, kwa upole, mwenye kushukuru atashukuru.

Mvua imeanza. Lile paa la nyuma ya jiko lina tundu. Si neno. Kitu feki kikilowa kinapata hasara gani?

Jumamosi, 8 Juni

Nitaandika yote, maana kila mmoja aliyekuwepo atasimulia kwa namna yake, na nawajua.

Asubuhi wanachama wakaja. Chumba kitupu. Ukelele wa kwanza ulikuwa wa Mkandarasi. Wa pili wa Katibu. Wa tatu wa mpishi, aliyefungua mlango wa nyuma akakuta mikoba imekaa kwenye dimbwi. Kwenye mkoba wa Jaji alikuwemo chura, tena aliyekwisha kuzoea.

Katibu akauliza nani kafanya hivi. Sikungoja kutajwa. Nilipanda ngazi ile ile yake, nikashika kipaza sauti. Mama Watoto alikuwa mbele kabisa, na gauni lake jipya, kaja kunipigia makofi. Shemeji kasimama kando yake. Nikasema, ndugu wanachama, poleni, mmetapeliwa. Nikaichukua sumaku. Haikutaka kutoka kwenye fimbo yangu, Shemeji akanisaidia kuvuta, hakujua anavuta kitanzi chake. Nikaiweka kwenye fimbo yake kubwa. Ti! Nikasema mnaona? Nikaiweka kwenye ya Jaji. Ti! Watu wakaguna. Mkandarasi akasema yake kanunua kiwandani kwenyewe. Nikamwambia pole, mkubwa. Ti! Kisha nikaiweka kwenye yangu. Pap! Nikainyanyua juu, wote waone.

Nikangoja makofi.

Akaja Daktari wa Meno. Taratibu. Akaomba kipaza sauti kama mtu anayeomba chumvi. Akasema, mzee wangu, fimbo kubwa nzuri haitengenezwi kwa chuma cha kawaida. Inatengenezwa kwa titani, madini mepesi na magumu, haya haya ninayoyapigilia kwenye taya za watu kushikilia meno. Sumaku haina habari nayo. Ikinasa namna hiyo, ujue umeuziwa chuma cha sufuria kilichopakwa rangi.

Titani! Na kwa nini binti yangu hakunieleza? Alikuwa na simu nzima ya kunieleza!

Daktari angeishia hapo ningesimama bado. Lakini akageuka, kipaza sauti kingali mdomoni, akaniuliza kwa upole, na kwa kuwa tumefika kwenye meno, ile pesa ya meno ambayo binti yako alinipigia kuniambia amekutumia, iko wapi?

Watu wote wakatazama mkoba wangu. Rangi nyekundu ilikuwa inachuruzika.

Mama Watoto hakuutazama mkoba. Alikuwa anatazama juu, mkononi kwangu. Akasema, bila kipaza sauti na hakukihitaji, hiyo si sumaku ya redio yangu? Halafu akasema, Baba Watoto, yale maziwa ulikunywa kwa ajili ya nini?

Sitaandika kicheko kilichofuata. Hata chura alisikika.

Katibu akasema nafasi ni ya Shemeji. Akasema pia kwamba nitaikausha mikoba yote kwa mkono, na Jaji akaongeza kwamba hukumu ni nafuu mno. Lakini Shemeji akasema kwanza anahitaji mtu wa kumbebea mkoba. Akanitazama. Akaninyooshea mwavuli.

Basi jina lake likasomwa. Makofi yakapigwa. Yale makofi yangu! Mimi nikiwa hatua moja nyuma yake, mkoba begani, kama siku zote. Akaniuliza upepo unatoka wapi, shemeji? Nikasema kulia. Ulikuwa unatoka kushoto, nakiri, nilighafilika kwa hasira. Akapiga kinyume cha nilivyosema. Mpira ukaenda kama umetumwa. Na hivyo hivyo shimo kwa shimo. Nikimwambia fimbo fupi, anachukua ndefu. Nikisema polepole, anatwanga. Amewashinda wengi, kapewa kikombe. Kwenye hotuba akasema anamshukuru shemeji yake, maana bila yeye asingejua pa kutopiga.

Waliposhuka wote kwenda kula, nilikuwa nakusanya vitu vyake pale pa kupigia mpira wa kwanza. Akarudi peke yake. Akachomeka mpira kwenye majani, yale majani yake, akanipa ile fimbo kubwa. Akasema piga mmoja basi, shemeji.

Nikasema watu wameondoka. Akasema nipo mimi.

Nikapiga. Haikuwa na uzito. Mkono haukusikia kitu, ni kama nimekata hewa, halafu mpira ukawa mdogo, ukawa mdogo zaidi, ukavuka bwawa, ukaangukia mbali kule ambako nimekuwa nikiokota mipira ya watu wengine. Hakuna aliyeona isipokuwa mtu mmoja mwenye majani kwenye viatu.

Akasema, safi sana, mkubwa.

Nilijifanya natafuta mwavuli.

Jumapili, 9 Juni

Nimekausha mikoba mpaka vidole vimekunjamana. Mama Watoto haongei nami. Anaongea na sufuria, nami nasikia. Binti kapiga simu, kaongea hadi sikio likawa moto, na safari hii nimemsikiliza mpaka mwisho, kwa sababu mama yake alikuwa ameishika simu yeye.

Lakini akili yangu haikulala. Nimeuelewa mchezo sasa. Nilikosea kitu kimoja tu, kidogo sana: sumaku inatakiwa ISINASE. Ni hilo tu! Kila kitu kingine nilikuwa nimepatia!

Na ile fimbo ya Shemeji, kusema kweli, ilitetemeka kidogo mkononi. Sina hakika nayo.

Nimemwandikia Malkia wa Fimbo kwa hasira kali. Nikamwambia amenivunjia heshima mbele ya Jaji na chura. Kajibu vizuri sana, mtu mstaarabu. Kumbe mzigo wangu ulibadilishwa ghalani na kibarua mzembe! Seti yangu hasa bado anayo. Nikamhoji: sumaku inanasa? Akajibu, mzee wangu, hainasi hata uigandishe kwa gundi. Nikamwuliza uzito. Akasema nyepesi kama unyoya, unaweza kuikunja. Bei ni ya chini kuliko ile ya kwanza. Picha aliyonitumia ni ile ile ya mwanzo, lakini mtu akiwa na picha nzuri apige nyingine ya nini? Na imebaki seti moja tu. Bahati inanifuata!

Nimefanya mazoezi na sumaku humu ndani kabla ya kuirudisha kwenye redio. Kikombe changu cha plastiki: hainasi. Orijino. Mwiko wa mbao: hainasi. Orijino. Kandambili zote mbili, orijino. Sikujua tunaishi kitajiri namna hii. Feki ni sufuria tu, na mlango wa choo.

Nimeagiza. Nitalipa mzigo ukifika. Mashindano mengine ni mwakani, na mimi mwakani bado nitakuwa mkubwa kuliko Shemeji, hilo hawezi kulinunua kwa mjane.

Kesho ni meno. Binti katuma pesa nyingine, safari hii kwa mama yake, na Mama Watoto kasema atakaa mlangoni kwa Daktari mpaka nitoke nikitafuna. Haidhuru. Atalipa, atatoka nje kukaa, mimi nitabaki ndani na Daktari tukiwa wawili. Nitamwambia kwa upole anitengenezee ya juu tu, na pesa ya yale ya chini anipe mimi mkononi. Atakataa mwanzoni. Nitamwahidi fimbo moja nyepesi, maana ile yake iliguswa kidogo na mvua.

Meno ya chini, kwani nani huyaona?